Mtoto wa pampas kwenye meli ya kitalii: yanayosemwa na yaliyo kweli

Matangazo ya safari za meli za kitalii, ziwe za Miami kwenda Karibi au za Barcelona kuzunguka Mediterania, hupenda kuonyesha mtoto anateleza kwenye bomba la maji huku wazazi wamejinyoosha juani. Mtoto huyo ana miaka sita hivi. Mwenye mwaka mmoja na nusu hupanda meli ileile akakuta mambo mengine kabisa, na kinachowatenga si umri tu, ni pampas.

"Anavaa pampas za kuogelea, kwa hiyo bwawani ruksa."
Hili ndilo linaloliza watoto na kugombanisha wazazi na wahudumu siku ya kwanza. Pampas ya kuogelea huzuia kinyesi kigumu. Mkojo na choo cha majimaji hupita. Kimelea cha kriptosporidi huhimili klorini ya kawaida kwa siku kadhaa, na bwawa la melini ni dogo, limejaa watu. Kwa meli zinazotoka ng'ambo na kutia nanga Marekani, mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, hauruhusu mwenye nepi ya aina yoyote kuingia bwawani wala kwenye jakuzi. Nafasi yake ni sehemu ya maji ya kuchezea iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa nepi, ambayo maji yake hayachanganyiki na ya mabwawa mengine. Si kila meli inayo, hata ndani ya kampuni moja. Kwa hiyo unapouliza, taja jina la meli yenyewe. Ikiwa haina, beba beseni dogo la kujaza upepo. Litafaa hata kumwogeshea, maana vyumba vingi vina shawa tu.

"Klabu ya watoto itamlea, sisi tupumzike."
Klabu nyingi za bure huanzia miaka 3, na sharti mtoto awe ameshaacha nepi, kwa kuwa walezi wake kwa kawaida hawabadilishi. Walio chini ya hapo, baadhi ya meli zina chumba cha kulelea kinacholipiwa kwa saa. Nafasi ni chache, hivyo ziwahi mapema. Na usidhani kila bwawa lina mwokoaji. Meli nyingi hazina, na mtoto anayezama hapigi kelele.

"Kichanga analala tu, twende naye."
Kampuni nyingi kubwa hazimpokei aliye chini ya miezi 6, na hesabu ni ya siku ya kupanda, si ya kukata tiketi. Safari yenye siku tatu au zaidi mfululizo bila kugusa bandari, kama ya kuvuka Atlantiki, kima cha chini cha umri huwa miezi 12. Zahanati ya melini ina daktari na wauguzi, lakini si wodi ya vichanga mahututi, na katikati ya bahari helikopta haifiki. Matibabu huingizwa kwenye bili ya chumba. Hapo ndipo bima ya safari inayotaja kumhamisha mgonjwa kutoka melini inapokuwa na maana.

"Analala na mama, hana haja ya kulipiwa."
Kila kichwa, hata cha miezi saba, huhesabiwa kwenye boti za kuokolea. Ndiyo maana chumba chenye vitanda vinne kinaweza kukataa mtu wa nne: nafasi za boti za upande ule zimekwisha. Hata ofa ya "watoto bure" kwa kawaida huacha kodi na ada za bandari mikononi mwako.

"Vya mtoto vinauzwa humohumo."
Duka la melini lina manukato na saa. Pampas na maziwa ya kopo ni bahati nasibu. Birika la umeme huzuiwa kwa hofu ya moto. Maziwa ya unga hutaka maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa hiyo beba chupa nzuri ya chai, uijaze maji yaliyochemka sasa hivi, na uyatumie yasipite nusu saa. Jeli ya mikono mlangoni pa mgahawa haiviui ipasavyo virusi vya noro, vile vya kutapisha na kuharisha. Sabuni na maji ya bomba kwa sekunde 20 ndiyo kinga.

"Bahari itamtapisha."
Walio chini ya miaka 2 hawalewi bahari mara nyingi. Wanaoshikwa zaidi ni wa miaka 2 hadi 12. Mdogo hakwambii kichwa kinazunguka. Utamwona anapauka, anapiga miayo, anadondokwa mate. Chagua chumba cha katikati, sitaha za chini, mbali na omo na tezi. Dimenhidrineti, dawa ya kuzuia kulewa bahari, haipewi mtoto chini ya miaka 2 bila agizo la daktari. Anayeruhusiwa aimeze nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kuondoka. Viraka vya skopolamini vya nyuma ya sikio ni vya watu wazima.

"Visa yangu inamtosha."
Mtoto anahitaji pasipoti na visa yake. Meli ikitoka Barcelona, ikagusa Tunis na kurudi, mmetoka Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na kuingia tena: visa ya kuingia mara moja haitoshi, hata kwa wa kubebwa.

"Zoezi la usalama ni la wakubwa."
Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Jaketi okozi za chumbani huwa za watu wazima, na jaketi kubwa humponyoka mtoto kichwani akiingia majini. Kwa kanuni hizohizo, chini ya kilo 15 ni jaketi la kichanga. Kuanzia kilo 15 hadi chini ya 43 ni la mtoto. Mwambie mhudumu wa chumba uzito wa mtoto mara mnapoingia, alilete, mmvishe na kukaza mikanda kabla gati halijaachwa.