Je, wajua? Uzi wa kioo hupimaje joto ndani ya uvimbe wa saratani?

Ukitaja faiba hapa Mombasa, mtu huwaza Wi-Fi ya nyumbani, au nyaya za baharini zilizofika mwaka 2009. Lakini uzi wa jamii hiyohiyo, wenye unene wa milimita 0.125, unaweza kuchomekwa kwenye ini wakati daktari anaunguza uvimbe kwa mawimbi ya redio, maikrowevu au leza. Kazi yake ni kusoma joto. Kwenye sentigredi 60 seli hufa karibu papo hapo. Likipita 100, maji huchemka na nyama huanza kuwa mkaa.

Wengi hudhani kuna kipimajoto kidogo kimebandikwa nchani, na uzi unapeleka habari tu. Sivyo. Hakuna kilichobandikwa: kioo chenyewe ndicho kipimajoto. Na ni afadhali, kwa sababu kipimajoto cha chuma kikiwekwa katikati ya maikrowevu huweza kupata moto chenyewe kikadanganya. Basi, wengine husema, kioo kinatanuka kama zebaki? Kinatanuka, ila kidogo mno. Kutanuka huchangia chini ya sehemu moja ya kumi ya kinachopimwa.

Siri iko kwenye mistari. Ndani ya kiini cha uzi huchorwa mistari kwa mwanga, karibu 2,000 katika kila milimita. Kundi hilo la mistari hurudisha rangi moja tu ya mwanga na kuziachia nyingine zipite. Fikiria gitaa la nyuzi za chuma lililoachwa juani kwenye harusi ya Likoni. Uzi umefungwa kule na huku, urefu wake ni uleule, lakini joto limeulegeza. Wimbi linakwenda polepole zaidi na sauti inashuka. Kwenye kioo pia nafasi kati ya mistari hubaki karibu ileile. Kinachobadilika ni mwendo wa mwanga: kioo cha moto huupunguza kidogo, na rangi inayorudi husogea upande wa mawimbi marefu.

Husogea kiasi gani? Kwa mwanga wa nanomita 1,550, usioonekana kwa macho, ni takriban nanomita 0.01 kwa kila sentigredi. Kutoka 37 hadi 60, basi, ni kutoka 1,550 hadi kama 1,550.23. Ajabu ni kwamba mashine huisoma tofauti hiyo bila taabu, tena uzi mmoja huweza kubeba makundi mengi ya mistari, kila moja na rangi yake, ukapata joto la ukingoni na la katikati kwa pamoja.

Tatizo ni pumzi. Mgonjwa akivuta hewa, ini husogea na kuuvuta uzi, na uzi uliovutwa pia hubadili rangi, kana kwamba joto limepanda. Ndiyo maana huwekwa ndani ya kijibomba chembamba kinachoubeba mvuto huo. Majaribio mengi, hata hivyo, yamefanywa kwenye maini ya wanyama yaliyotoka buchani, na hayo hayapumui.