Widal kusoma "chanya" si lazima iwe taifodi

Malalamiko yanayotufikia sana maabara ni ya mtu aliyepimwa mara tatu, akameza antibayotiki mara tatu, na bado anaambiwa taifodi haijaisha. Mara nyingi bakteria walishaondoka, au hawakuwapo kabisa. Kinachosomeka ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu.

Widal, kipimo kinachotumika tangu 1896, hakimtafuti bakteria mwenyewe anayeleta taifodi, Salmonella Typhi. Kinapima kingamwili dhidi ya sehemu zake mbili, O na H. Hizo huanza kuonekana siku ya 7 hadi ya 10 ya homa, hivyo anayepimwa siku ya 3 anaweza kusoma hasi naye ni mgonjwa kweli. Tena kingamwili za H hudumu miezi, hata miaka, baada ya kupona. Salmonella wa aina nyingine na hata malaria vinaweza kuleta chanya ya uongo. Kwa hiyo kurudia Widal baada ya dozi ili kujua kama umepona hakusaidii chochote. Tumelisema hili mara nyingi, na bado watu wanakuja kuomba.

Cheti kikiandikwa "O 1:80", maana yake seramu yako (maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) ilizimuliwa mara 80 na bado chembe za bakteria wa kupimia ziligandana. Penye taifodi nyingi, hata wenye afya njema huweza kufikia kiwango hicho. Kipimo kimoja hakitoshi: sampuli ya pili huchukuliwa baada ya siku 10 hadi 14, na kinachohesabika ni kupanda mara nne, mfano kutoka 1:40 hadi 1:160.

Kwenye Widal ya kioo, seramu na antijeni (kimiminika chenye chembe hizo za bakteria) huchanganywa, huzungushwa dakika moja na kusomwa papo hapo. Ukichelewa, tone hukauka kingoni na kuacha chengachenga zinazofanana kabisa na chanya. Vitendanishi, yaani vimiminika vya kupimia, hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, visigande, na hujaribiwa kwa sampuli chanya na hasi zinazojulikana. Fundi asiyefanya hivyo anatoa namba tu.

Kipimo cha kutegemea zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chakula cha bakteria kuona kama wataota: kama mililita 10 kwa mtu mzima, kabla ya antibayotiki yoyote. Majibu huchukua siku 2 hadi 7. Nacho hunasa takriban asilimia 40 hadi 60 ya wagonjwa, kwa hiyo hasi haifuti ugonjwa. Daktari ataangalia na dalili. Kama umeshameza vidonge vya dukani, mwambie anayekutoa damu ni vipi na tangu lini. Hakuna atakayekugombeza.