Je, wajua mtambo wa Coral Sul unakaaje palepale baharini wakati chini yake kuna mita 2,000 za maji?

Kusini ya mto Ruvuma, nje kabisa baharini usawa wa Cabo Delgado, Msumbiji, kuna mtambo unaelea unaitwa Coral Sul, urefu mita 432, upana mita 66, kazi yake kuvuta gesi toka chini ya bahari na kuigeuza kimiminika hapohapo ili meli zije zipakie ziondoke. Ulijengwa Korea Kusini, ukafika Januari 2022, na shehena ya kwanza ikatoka Novemba mwaka huohuo. Sasa lidude lote hilo halina mguu hata mmoja chini, kusi inavuma, kaskazi inavuma, mkondo unavuta, mbona haliendi?

Jibu ni nanga, ila sio ile ya makucha uliyoizoea. Kwenye vina virefu hivi mara nyingi wanatumia silinda kubwa ya chuma, juu imezibwa, chini iko wazi. Inashushwa mpaka kwenye tope, inazama kidogo kwa uzito wake, halafu roboti inaunganisha pampu inaanza kunyonya maji yaliyobaki ndani. Presha ya ndani ikishuka, maji ya nje yanaikandamiza mpaka inazama karibu yote. Hakuna nyundo, hakuna mpiga mbizi, bahari yenyewe ndo inaipigilia, na mi hapa ndo naona akili kubwa kuliko kwingine kote.

Coral Sul imefungwa kwa laini 20 za kuiunganisha na nanga, jumla uzito wake tani 9,000 hivi. Na usidhani zimekazwa mpaka chombo kisitikisike, hapana, ukikibana hivyo wimbi moja kubwa lingekata kitu. Kinaachiwa kiyumbe, ila kisitoke nje ya eneo lake, maana mabomba ya gesi yamening'inia chini yake na yakivutwa sana yanakatika. Pale maji sio marefu sana mnyororo unalegezwa, chombo kikisukumwa mnyororo unainuka toka chini na uzito wake unakirudisha. Kina kikizidi chuma kinakuwa mzigo, nguvu nyingi inaishia kujibeba chenyewe, ndo maana mtambo wa Perdido kule Ghuba ya Meksiko, kwenye mita kama 2,450, umefungwa kwa kamba za polyesta, ni nyepesi majini na zinanyumbuka.

Kitu kingine, laini zote za Coral Sul zinakutana sehemu moja upande wa omo, kwenye mhimili unaotulia wakati mtambo unauzunguka. Kwa hiyo mtambo unageuka wenyewe kuuelekea upepo na mawimbi, kama jahazi lililotia nanga.

Kazi ngumu inaanza baada ya hapo, maana mitambo ya aina hii inajengwa ikae miaka 20, 25, bila kwenda chelezoni. Mnyororo unaliwa zaidi kwenye usawa wa maji, pale unapolowa na kukauka, unapata chumvi na hewa kwa pamoja, na pia pale pete za mnyororo zinaposuguana kila wimbi likipita. Roboti zinashushwa, zinasafisha viumbe vilivyoota, zinapima unene wa pete na kulinganisha na ule wa siku ya kwanza. Ukizembea hapo hasara yake ni kubwa mno, we angalia Gryphon Alpha, meli ya kuzalisha mafuta, Bahari ya Kaskazini, Februari 2011, dhoruba ilikata minyororo yake minne, meli ikahama mahali pake, vifaa vya chini vikaharibika na uzalishaji ukarudi 2013.

Pete ikionekana imeliwa sana haingojwi ikatike, meli maalumu za kazi za nanga zinakuja na laini mpya, ya zamani inafunguliwa, mpya inafungwa, na muda wote huo mtambo unashikwa na zilizobaki, kwa sababu tangu kwenye mchoro hesabu ilishapigwa kwamba moja ikikosekana nyingine zimudu.