Bamia haziongezi ute wa nyonga

Kuanzia Masasi hadi Lindi mjini, mzee akilalamika nyonga ataambiwa: "Ute umekwisha, kula bamia." Bamia ni mboga nzuri, sina ugomvi nazo. Ila utelezi wake huishia tumboni. Hauna njia ya kufika kwenye kiungo. Ute wa kiungo hutengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe. Nyonga ikiuma, mara nyingi kilichochakaa ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute huohuo kiungo kinaposogezwa. Ndiyo maana kulala kutwa huzidisha ukakamavu. Tembea kidogo kidogo, imarisha misuli ya mapaja na makalio, na mkongojo ushike kwa mkono wa upande usiouma. Msimu wa korosho, bangua ukiwa kwenye kiti, si mkekani. Ukishindwa kukanyaga, au maumivu yakija na homa, nenda hospitali.