Paladiamu: kutoka masega ya gari hadi hereni ya sikioni

Fundi analala chini ya gari, anakata ekzosi na kutoa kile kidude kinene cha kusafisha moshi, mfano wa mtungi mdogo. Akikipasua anakuta kauri yenye vitundu vidogo vidogo, kama sega la nyuki, na ndiyo maana gereji nyingi huita masega. Mali yenyewe haionekani kwa macho. Imo kwenye utando mwembamba uliopakwa ndani ya vitundu: metali za thamani za platinamu, rodiamu na paladiamu. Gari moja huwa na gramu chache tu za madini hayo, lakini mwaka 2022 aunsi moja ya paladiamu, yaani takribani gramu 31, ilivuka dola 3,000 za Marekani. Kwa bei kama hiyo, si ajabu masega kupasuliwa.

Wanaoyapasua hutaka kujua kama paladiamu ni sumu. Kabla ya kujibu, lazima mtu aseme imemfikia ikiwa na umbo gani.

Ikiwa metali kamili, paladiamu ni tulivu sana. Haipati kutu kirahisi na mwili hauna shughuli nayo kubwa. Mambo hubadilika inapokutana na kitu cha kuiyeyusha, kama vile jasho, mate au asidi, ikageuka chumvi, si ile ya mezani bali metali iliyoungana na kemikali nyingine. Hata hapo, tumbo huipokea kwa uchache. Panya waliolishwa kloridi ya paladiamu, mojawapo ya chumvi hizo, chini ya nusu ya asilimia moja ndiyo iliyoingia mwilini. Zamani madaktari waliwahi kuwapa wagonjwa wa kifua kikuu chumvi hiyo hiyo, kiasi cha miligramu 65 kwa siku, mpaka dawa bora zilipopatikana ikaachwa. Simaanishi kwamba chumvi hizi ni za kuchezea. Ninachosema ni kwamba kwa mtu wa kawaida hatari haiko tumboni. Iko kwenye ngozi na kinywani, na kwa fundi iko kifuani.

Tuanze na ngozi, maana huko ndiko paladiamu inakojulikana zaidi kwa visa vyake. Karibu kila mwenye mzio wa paladiamu ana mzio wa nikeli pia. Kwa kawaida safari huanzia kwenye hereni za bei rahisi, bizimu ya mkanda inayogusa kitovu, au saa ya mkononi. Nikeli hutoka kidogo kidogo kwa jasho, kinga ya mwili inaitambua kama adui, na kwa kuwa paladiamu inafanana nayo kikemia, adui mmoja anakuwa wawili. Mtu huyo akinunua pete ya dhahabu nyeupe, inafaa aulize sonara imechanganywa na nini, kwa sababu weupe wake mara nyingi hutokana na nikeli au paladiamu. Wengi wenye mzio wa nikeli huvaa ile ya paladiamu bila tabu, kwa kuwa haiachii chembe zake kirahisi. Wachache huwashwa.

Kuthibitisha kunahitaji subira. Mgonjwa hubandikwa mgongoni vibandiko vyenye visahani vidogo, kila kisahani na kemikali yake, na chumvi ya paladiamu ikiwa mojawapo. Anakaa navyo siku mbili bila kulowesha mgongo, jambo ambalo kwenye joto la pwani ni adhabu kamili. Vikibanduliwa, daktari wa ngozi anasoma, kisha anasoma tena baada ya siku moja au mbili. Wekundu uliovimba wenye vipele au malengelenge chini ya kisahani kimoja, pembeni kukiwa shwari, ndilo jibu. Kipimo cha damu cha maabara ya mtaani hakichukui nafasi ya hiki, hata kikiuzwa kwa maneno matamu.

Kinywani paladiamu huingia kupitia kofia za kufunika meno na madaraja ya kuziba mapengo. Japani, aloi (mchanganyiko wa metali) inayolipiwa na bima ya afya ina asilimia 20 ya paladiamu pamoja na fedha na dhahabu kidogo. Ujerumani, mwaka 1993 mamlaka ya afya ilishauri aloi za paladiamu na shaba zisitumike, kwa kuwa mate huziyeyusha kwa urahisi zaidi. Ukiona fizi au shavu la ndani limekuwa jekundu au limeota michirizi myeupe pale pale linapogusana na kofia ya jino, mwambie daktari wa meno. Usikimbilie kung'oa, vidonda vingi vya kinywa havina uhusiano wowote na metali.

Sasa gereji. Kauri ikipondwa kwa nyundo hutoa vumbi laini, na mkeka unaoizunguka huwa na nyuzi nyembamba zinazowasha macho na koo, na nyingine zikivutwa hubaki mapafuni. Ilowesheni kauri kwanza, vaeni barakoa ya kuzuia vumbi (kitambaa cha shingoni hakitoshi), na ovaroli lisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Kinachotutisha kuliko vyote ni wanaojaribu kuchenjua wenyewe, yaani kuitoa paladiamu kwenye kauri, kwa kuchanganya asidi ya naitriki na ya haidrokloriki, somo wamelipata kwenye video. Moshi wake wa rangi ya kahawia una gesi zinazochoma mapafu polepole. Mtu huenda nyumbani akijiona mzima, amekohoa kidogo tu, kisha usiku pumzi zinaanza kukata kwa sababu mapafu yanajaa maji. Aliyevuta moshi huo aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi alikuwa akichanganya nini. Maziwa hayasaidii. Asidi ikimwagikia ngozi, vua nguo na mwagilia maji yanayotiririka kwa robo saa au zaidi.

Na lile gari lililobaki bila masega? Paladiamu ilikuwa ikigeuza kaboni monoksidi ya moshi kuwa kaboni dioksidi. Sasa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu ya kuua, inatoka nyingi zaidi, nayo haina harufu wala rangi. Fundi anayetaka kusikiliza injini alisukume gari nje kwanza, ndipo aliwashe.