Anakimbia, Lakini kwa Miguu Mingapi?

Wiki hii nimeambiwa tena, kwa mara ya tatu: "Mbona anakimbia vizuri tu?" Mwenye mbwa akanionyesha video kwenye simu. Mbwa anafukuza mpira, mkia juu, ulimi nje. Imepita miezi mitatu tangu apasuliwe goti, na mazoezi ya kumrudishia nguvu niliyomwandikia yaliachwa wiki ya pili kwa kuwa "anajizoesha mwenyewe uwanjani."

Nikachukua futi kamba. Paja la kulia sentimita 38. La kushoto, lenye goti lililopasuliwa, 34. Nikainua nyayo: kucha za mguu wa kulia zimelika, za kushoto ni ndefu na zimechongoka. Kucha hulika kwa kukanyaga. Hizi hazikuwa zimekanyaga.

Mnyama wa miguu minne ana akiba. Mtu akiumia goti atachechemea, kila mtu atamwona. Mbwa huhamishia uzito mbele, ambako hata akiwa mzima hubeba takribani asilimia 60, na unaobaki huutupia mguu wa nyuma ulio salama. Akishaingia kwenye mbio, miguu ya nyuma inasukuma karibu kwa wakati mmoja, basi ule mzima unafanya kazi ya miwili na wewe huoni kitu. Kadiri anavyokimbia ndivyo anavyozidi kuwa hodari wa kuukwepa mguu mbovu. Misuli inaongezeka, ndiyo, ila kwenye mguu usioihitaji. Tena karibu nusu ya mbwa waliokatika ligamenti (kamba inayofunga mifupa pamoja) ya goti moja huja kukatika na la pili. Sitasema ni mzigo peke yake, maana maumbile na urithi vimo pia, lakini hilo goti la pili sitaki kulitwisha hata gramu ya ziada.

Dawa yake ni kutembea polepole. Watu wakisikia hivyo wanakata tamaa, wanaona nimewapa kitu cha wazee. Lakini katika mwendo wa taratibu kila mguu una zamu yake ya kukanyaga, na zamu ikifika hakuna mwenzake wa kumsaidia. Kamba fupi, mbwa ubavuni mwako, polepole hadi wewe mwenyewe uchoke kwa uvivu wa mwendo. Akianza kurukaruka kwa miguu mitatu, umekwenda haraka mno, punguza. Dakika tano mara tatu kwa siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Baadaye ndipo tunatafuta mwinuko, maana kupanda kunarudisha uzito nyuma.

Na sasa zoezi la kukaa na kusimama, ambalo kila mtu anadhani analijua. Mbwa wako anakaa, sawa. Anakaaje? Mtazame kwa nyuma. Kama paja moja limetupwa pembeni kama mtu aliyeketi mkekani, hajafanya zoezi, amejipumzisha. Nataka magoti yote mawili yamekunjwa sawa na nyayo ziko chini ya mwili. Mweke upande dhaifu ukigusa ukuta ili asipate nafasi ya kuutupa mguu nje. Kisha kipande cha chakula kiwe karibu na pua, kipande hicho kiinuliwe kidogo tu. Ukikivuta mbele sana, atajikokota kwa miguu ya mbele na mapaja hayatasukuma chochote. Nimeona mbwa wakifanya marudio 30 kwa siku namna hiyo, mwenye mbwa anajivuna, na paja halijaongezeka hata nusu sentimita. Matano safi yananitosha. Sakafu ya vigae itandikwe kitu, akiteleza ataogopa na zoezi litakufa.

Kuogelea? Kunasaidia pumzi na kukunjua viungo, lakini majini hakuna kukanyaga, na mbwa wengi huogelea zaidi kwa miguu ya mbele. Mashine ya kutembea ndani ya maji ni jambo jingine, mradi kina kiangaliwe: maji yakifika nyongani mbwa hubeba kama asilimia 38 tu ya uzito wake, yakiishia gotini hubeba kama 85. Hayo ni mazoezi mawili tofauti kabisa. Kukanda misuli kunamtuliza, fanyeni, ila hakujengi.

Wenye farasi nao wana wimbo uleule: "Nimemwachia malishoni, atapona." Malisho ni mazuri, anatembea siku nzima. Lakini misuli midogo ya ndani inayoshikilia pingili za mgongo, ikishasinyaa kwa maumivu, mara nyingi hairudi yenyewe. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa farasi 8 waliofanyishwa mazoezi ya kufuata chambo kwa shingo, siku tano kwa wiki kwa miezi mitatu, na misuli hiyo ikanenepa. Farasi 8 ni wachache, najua. Hata hivyo nayatumia kila siku: kidevu kifuani, kidevu katikati ya magoti, kidevu ubavuni hadi karibu na nyonga. Chambo changu ni karoti; asiinyakue. Aifuate taratibu, abaki hapo sekunde chache, tumbo likijikaza. Ukiona kichwa kimepinda upande, masikio hayako usawa mmoja, amekudanganya kwa kupinda sehemu ya juu ya shingo tu. Anza upya na umbali mdogo.

Kumbuka pia farasi hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Kiwiliwili chake kimening'inia katikati ya mabega kwa misuli mitupu, na kumrudisha kinyumenyume hatua chache, kichwa chini, kunaiamsha kuliko kumzungusha kwenye duara dogo kwa kamba hadi atoke jasho. Duara dogo linaelemea viungo, na kwa mnyama anayetoka kwenye maumivu silitaki. Kuhusu kano iliyoumia, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa: uvimbe kuisha wiki ya nane si kupona. Hesabu karibu mwaka.

Nikiri jambo. Idadi ya marudio ninayowaandikia, tano hapa, kumi pale, kwa sehemu kubwa imeazimwa kutoka kwa binadamu, nami huirekebisha kwa kumtazama mnyama. Nimewahi kuharakisha na farasi akarudi na maumivu. Futi kamba nayo hubadilika kwa manyoya na kwa mkono unaoishika, ndiyo maana napima mwenyewe, mahali palepale, na tofauti ya sentimita moja siijengei hoja.

Kwa hiyo ukinitumia video, usinitumie ya mpira. Nirekodie anakuja kwako akitembea, kisha anaondoka, kamera usawa wa magoti yake, kwenye sakafu isiyoteleza. Na moja akikaa, kwa nyuma.