Seli za ubongo, uzee na uchawi: yanayosemwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ukweli wake

"Seli ya ubongo ikifa, mtu ameshaugua." Sivyo. Mtoto akiwa tumboni, ubongo wake hutengeneza neuroni, yaani seli za neva, nyingi kupita mahitaji, na katika baadhi ya sehemu za mfumo wa neva karibu nusu yake hufa. Hufa kwa utaratibu. Ndani ya kila neuroni zimo protini zinazozuia kifo, kama Bcl-2 na Bcl-xL, na zimo zinazokisukuma, kama Bax. Bax ikishinda, hutoboa utando wa nje wa mitokondria, viwanda vya nishati vya seli; protini iliyomo, sitokromu c, huvuja na kuungana na protini nyingine, Apaf-1, kisha vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikatakata seli kutoka ndani. Panya walioondolewa jeni ya kaspasi-9, mojawapo ya kaspasi hizo, walikuwa na ubongo uliokua kupita kiasi, na wengi walikufa karibu na kuzaliwa. Waliokosa Bcl-x, jeni inayotengeneza Bcl-xL, hawakufika hata kuzaliwa. Neuroni zao ziliteketea wakiwa tumboni.

"Kasiksi ni ndizi tu, haimdhuru mjamzito." Kasiksi ni pombe ya ndizi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa pombe nyingi, kwa saa chache tu, iliamsha kifo hicho hicho katika neuroni nyingi sana za vitoto vya panya. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Kwenye harusi, mpeni mama fanta.

"Mzee hupoteza neuroni kila kukicha mpaka akili iishe." Mwaka 1997 watafiti wa Denmark walihesabu neuroni za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, katika maiti 94: kati ya umri wa miaka 20 na 90 tofauti ilikuwa takriban asilimia 10. Neuroni iliyokomaa hupunguza sana Apaf-1 yake, hivyo haifi kirahisi.

"Koko (bibi mzee) anayepotea njia ya nyumbani na kuongea na marehemu ni mchawi." Hili linaniuma kuliko yote, maana hapa Kivu wanawake wazee wamepigwa, hata kuuawa, kwa sababu yake. Koko anayetia chumvi kwenye sombe (kisamvu) mara tatu, kisha akauliza nani ameiharibu, huenda ana Alzheimer: neuroni za kumbukumbu zinakufa kwa ugonjwa, na uzee peke yake hautoshi kuyaeleza hayo. Tena huenda si Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka huleta dalili zinazofanana, na hayo yanatibika. Mpelekeni kwa daktari kabla hamjamwita mchungaji, na mtu wa nyumbani aende naye aeleze yalianza lini.